Nani Anakukimbiza?

Ukitaka kuona jinsi watu wazima wanavyojiumiza, nenda kwenye bonanza la ofisi. Mei Mosi imekaribia, idara ya uhasibu imewatambia watu wa usafirishaji, jezi zimechapwa majina mgongoni, na mbuzi wa mshindi amefungwa chini ya mwembe, anatafuna majani hana habari. Uwanjani ni akina baba wa miaka arobaini na ushee ambao mbio zao za mwisho zilikuwa za kuwahi daladala. Kipenga kinalia. Haifiki robo saa, wa kwanza yuko chini ameshika paja.

Mwaka mmoja, wa chini nilikuwa mimi. Shuleni nilicheza winga ya kulia, na pasi ile ilipopenya nyuma ya beki niliiona kama nilivyokuwa nikiziona zamani. Kichwa kikatoa amri ya mwaka 1997. Mguu haukuwa na taarifa hizo. Nyuma ya paja kitu kikaachia kama mpira wa manati unapokatika, nikaenda chini, na wenzangu wakadhani napoteza muda. Wiki tatu zilizofuata nilipanda ngazi za ofisini kwa kutanguliza mguu uleule kila kipandio, kama mtoto. Mtaalamu wa viungo aliyenishughulikia aliniuliza jambo moja tu: kabla ya siku hiyo, mara ya mwisho kukimbia ilikuwa lini? Nikaanza kuhesabu kwa vidole, nikaacha.

Watu wengi hulichukulia suala la kuanza mazoezi kuwa ni suala la nia. Huna nia, ndiyo maana una kitambi. Mimi sikubali. Mwezi Januari jimu za Dar es Salaam hujaa nia mpaka mlangoni. Ikifika Machi unachagua mashine unayoitaka. Walioondoka hawakuishiwa nia kwanza. Waliishiwa magoti, au pumzi, au uso wa kutazamana na watu. Kila niliyemwona akiacha, nami mwenyewe nimeacha mara tatu, alikuwa ameanza na dozi isiyo yake: ama ya kijana aliyekuwa yeye zamani, ama ya yule anayemwona mbele yake leo. Nia nyingi juu ya dozi isiyo yako huharakisha tu safari ya kwenda kwa mtaalamu wa viungo.

Bibi yangu hakufanya mazoezi hata siku moja. Alichota maji, alitwanga, alilima, alichuchumaa mekoni, alipanda na kushuka vilima vya Muheza na kikapu kichwani. Angeniona nakimbia barabarani bila mwizi mbele wala nyoka nyuma angeniuliza swali ambalo bado naulizwa na wazee wa mtaani kwangu: nani anakukimbiza? Si swali la mzaha. Mwili wa binadamu umezoea kukimbia kwa sababu, na mtu mwenye akili hatumii nguvu zake bure. Wahadzabe wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi, ambao wamechunguzwa na wanasayansi wengi kuliko karibu jamii yoyote nyingine ya wawindaji, hawana zoezi. Wana safari. Mwanaume wao hutembea kilomita 11 hivi kwa siku akiwinda au kutafuta asali, mwanamke karibu 6 akichimba mizizi. Wakirudi kambini hukaa, tena hukaa saa nyingi, ila hukaa kwa kuchuchumaa na kupiga magoti, misuli ikiwa haijalala kabisa.

Kwa hiyo uvivu wa anayeanza si kasoro ya tabia. Ni akili ya zamani katika maisha mapya. Zamani sababu za kuusogeza mwili zilikuja zenyewe. Sasa tumezilipa ziondoke. Boda inatutoa getini hadi dukani, maji yanatoka bombani pale Mungu akijalia, na unga tunaununua umeshasagwa. Ndiyo maana takwimu za eneo letu zina utata. Uchunguzi wa nchi 168 uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la The Lancet Global Health uliiweka Uganda juu kabisa kwa uchache wa watu wazima wasioushughulisha mwili: asilimia 5.5 tu, wakati Kuwait ilikuwa na asilimia 67. Tungeweza kujisifu. Lakini wanaoibeba sifa hiyo ni wakulima, wachota maji na wasukuma mikokoteni, si mimi ninayeandika haya nimekaa. Kwetu jasho ni la asiye na uwezo, na kukaa ni cheo. Mtu akinenepa anaambiwa amenawiri. Akipungua kilo tano kwa jitihada zake mwenyewe, shangazi anamvuta pembeni: mwanangu, unaumwa, au kuna tatizo nyumbani?

Gharama ya kukaa iligunduliwa ndani ya basi. Daktari mmoja wa Uingereza, Jeremy Morris, alianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kuwalinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Ni watu wa tabaka moja, mshahara unaokaribiana, mtaa mmoja. Dereva alikaa karibu zamu nzima. Konda alikanyaga mamia ya vipandio vya ngazi za basi kwa siku akikata tiketi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1953: makonda waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva, na walipougua, hawakufa haraka kama wao. Pakatokea wabishi, na ubishi wao ulikuwa wa maana: huenda wanene ndio waliochagua usukani tangu mwanzo? Morris akaenda kutafuta vipimo vya suruali za sare. Kweli, viuno vya madereva vilikuwa vipana zaidi. Lakini uchunguzi ulipoendelea ilionekana kwamba konda alikuwa na nafuu awe mwembamba, wa wastani au mwenye tumbo. Kilichomlinda ni ngazi.

Kila nikipanda daladala humkumbuka Morris. Konda anaruka chini gari halijasimama, anapiga bati, anaita abiria, anasukuma, anadandia tena. Dereva amejaa kwenye kiti na taulo begani. Hakuna kati yao anayefikiri kwamba mmoja yuko mazoezini. (Mabasi ya mwendokasi, tangu yaanze mwaka 2016, hayana konda wa kuning'inia mlangoni. Wote tunakaa, au tunasimama tumebanwa.) Funzo kubwa kwa anayeanza ni kwamba konda yule hakuvaa raba maalumu wala hakulipia jimu. Alipanda ngazi kidogokidogo, siku zote.

Kidogo hicho ni kiasi gani? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au nusu yake za mwendo mzito, pamoja na kazi ya misuli siku mbili au zaidi. Kilichopita bila kelele katika mwongozo huo ni kuondolewa kwa sharti la zamani kwamba kila kipande kifike angalau dakika 10. Sasa hata dakika tatu za ngazi zinahesabiwa. Kwa mtu anayeanza hiyo ni habari kubwa kuliko ile 150 yenyewe. Namba nyingine, ya hatua 10,000 ambayo simu zetu hutudai kila jioni, haikutoka hospitali, ilitoka dukani. Kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabu hatua mwaka 1965, Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ikiwa bado inanukia, na ikakiita jina lenye maana ya hatua elfu kumi. Imani ikaenea. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani waliwafuatilia wanawake wazee zaidi ya elfu kumi na sita wakaona kwamba waliofikisha hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache wazi kuliko waliofikisha 2,700, na faida ikaacha kupanda zilipofika 7,500 hivi. Tazama mahali faida ilipo kubwa: ni pale chini, kutoka karibu na sufuri kwenda kwenye kidogo. Aliyekaa kabisa ndiye anayelipwa vizuri kuliko wote kwa dakika yake ya kwanza.

Hapo ndipo akina sisi wa bonanza tunapopotea. Tunadhani kidogo hakihesabiki, basi tunaanza na kingi.

Baada ya mguu kupona nilianza upya, nikiwa nimeaibika vya kutosha kuweza kusikiliza. Niliamka saa kumi na moja na nusu, kabla joto la Dar halijaamka, nikatumia nguzo za umeme za mtaani. Kutoka nguzo ya kwanza hadi ya pili nakimbia, tena mbio za kuburuza miguu, kisha nguzo mbili natembea. Dakika ishirini, narudi kuoga. Sikuwa nimegundua kitu. Mmarekani mmoja, Josh Clark, alitunga mwaka 1996 ratiba ya wiki tisa kwa watu wa makochi, ambayo imesambaa dunia nzima: siku tatu kwa wiki, na siku ya kwanza unatembea dakika tano kisha unakimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, unarudia hadi dakika ishirini zitimie. Sekunde sitini! Ukimwambia mwanaume wa Kitanzania aliyewahi kucheza mpira kwamba akimbie sekunde sitini kisha atembee, anaona umemtukana.

Kipimo cha mwendo hakihitaji saa ya mkononi. Wataalamu wanasema mwendo wa wastani ni ule unaokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Sisi tuna kipimo bora zaidi, kwa sababu barabara zetu za alfajiri zina watu, na watu wana salamu. Unamkuta mzee anafagia mbele ya genge. Huwezi kumpita kimya. "Shikamoo mzee." "Marahaba, habari za kuamka?" "Nzuri, sijui nyie." "Watoto hawajambo?" Ukiweza kuifikisha hadi kwa watoto bila kukata neno katikati, mwendo wako ni sahihi. Ukiishia kwenye "shika—" na mkono kiunoni, umezidisha, punguza. Niliishi kwa kanuni hiyo miezi miwili na haikunidanganya hata mara moja.

Wasioamini upole huu waende Iten, kule Bonde la Ufa la Kenya, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Mkenya Eliud Kipchoge alikimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2:01:09, yaani dakika 2 na sekunde 52 kwa kila kilomita, mara arobaini na mbili na kidogo. Lakini makundi ya wakimbiaji wa kule huzianza mbio zao nyepesi za asubuhi wakiburuza viatu kwenye vumbi jekundu na kupiga soga, mwendo ambao mtu wa kawaida angewafuata kwa dakika za mwanzo. Mwenye uwezo mkubwa haoni haya kwenda polepole. Mwenye haya ni yule asiye nao.

Kuna sababu ya kimwili ya kuvuta subira, nayo ndiyo huwaangusha hata wale walioanza vizuri. Mwili haujengeki kwa kasi moja. Pumzi huja mapema: ndani ya wiki tatu au nne moyo unasukuma damu kwa nafuu, ngazi za ofisini hazikutishi, unajisikia umeokoka. Kano zinazounganisha misuli na mfupa, na mifupa yenyewe, huhitaji miezi. Kati ya pumzi iliyofika na kano zisizofika pana shimo, na shimo hilo lina maumivu yake: ugoko unauma kwa mbele, kisigino kinachoma unapokanyaga sakafu asubuhi, goti linalalamika kwenye kushuka. Hutokea wiki ya tano au ya sita, siku unayojisemea kwamba leo nina nguvu, ngoja nizungushe mara mbili. Siku hiyo rudi nyumbani.

Maumivu ya kawaida ni suala jingine, na inafaa kuyatofautisha maana wengi huacha kwa kuyaogopa. Misuli isiyozoea hukaza. Haiumi siku ileile. Huuma kesho yake na zaidi keshokutwa, mpaka kukaa chooni kunakuwa na ibada yake. Tuliambiwa shuleni kwamba ni tindikali iliyoganda kwenye misuli. Sivyo, tindikali ile huondoka ndani ya saa moja hivi. Ni michubuko midogomidogo kwenye nyuzi za misuli, hasa kwa miendo ya kushuka, na msuli ukishachubuliwa hivyo mara moja, mara ya pili hulalamika kidogo tu. Maumivu haya huwa butu, ya pande zote mbili, na hupungua ukitembea. Yale ya kuogopa ni makali, yako mahali pamoja unapoweza kupaweka kidole, upande mmoja, na yanazidi kadiri unavyoendelea. Kifua kubana, kizunguzungu, au moyo kupiga ovyo si mambo ya kuvumilia kiume; ni mambo ya hospitali siku hiyohiyo. Na mtu aliyevuka miaka arobaini apime presha na sukari kabla ya kununua raba. Presha haina kelele. Wapo wengi wanaotembea nayo hawajui.

Raba zenyewe, maadamu zimetajwa: sikununua mpya. Nilipata za mtumba soko la Karume, na muuzaji akaniapia kwamba zimetoka kwa mzungu aliyezivaa mara mbili. Kagua sponji ya kisigino kwa kidole gumba. Ikibonyea na kubaki imebonyea, imekufa, hata kama rangi inang'aa.

Sasa aibu, ambayo naamini huwaachisha watu wengi kuliko magoti. Anayeanza hakimbii peke yake; anakimbia na macho ya kijiwe kizima. Ndiyo maana huanza kwa kasi ya mtu anayetazamwa, na kasi hiyo humuua. Nina rafiki aliyekuwa akikimbia mbele ya kituo cha boda kisha anatembea akishapinda kona. Aliacha wiki ya pili, kifundo kimevimba.

Dawa ya kienyeji ya aibu ni kundi. Tuliosoma shule za msingi Tanzania tulipelekwa mchakamchaka alfajiri, tunaimba na kuitikia, vumbi hadi magotini, na hakuna aliyetuuliza nani anatukimbiza. Vikundi vya jogingi vya Temeke, Mbagala na Ilala vimeufufua mchakamchaka huo kwa watu wazima. Jumapili alfajiri unawasikia kabla hujawaona: filimbi, nyimbo, vishindo vya viatu kwa pamoja. Mtu mmoja katikati ya watu sitini haonekani, hata akiwa na kitambi cha miaka ishirini. Vingi vina daftari la michango, mwenzao akifiwa wanakwenda na jezi zao. Uanachama wa namna hiyo humwamsha mtu kitandani kuliko saa yoyote ya kengele. Udhaifu wake ni kwamba kundi lina mwendo mmoja na anayeanza ana mwingine. Kaa nyuma. Ukichoka tembea, watakukuta wakigeuza.

Serikali nazo zimejaribu kuondoa haya. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua mazoezi ya kitaifa ya kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Mara moja kwa mwezi haijengi misuli ya mtu yeyote, hiyo ni bonanza kwa jina jingine. Lakini ilifanya jambo ambalo sikulitarajia, ilimpa mkurugenzi ruhusa ya kuonekana na traki suti mbele ya karani wake. Zanzibar wana siku yao kila Januari mosi, vikundi vya mazoezi vinatoka kwa mamia. Kigali tangu mwaka 2016 hufunga barabara kwa magari Jumapili fulani za mwezi na kuwaachia watembeaji na wakimbiaji, wazo ambalo Dar, kwa foleni zake, ingeweza kuliiba bila kuomba radhi. Na ili usidhani kukimbia pamoja ni jambo dogo: Burundi mwaka 2014 ilipiga marufuku mbio za makundi mitaani kwa kuhofia siasa zilizokuwa zikikimbia ndani yake.

Mwanamke anayeanza ana mzigo juu ya mzigo. Saa kumi na moja na nusu, wakati mimi nahesabu nguzo, mke wangu yuko jikoni na uji na sare za watoto. Anayefanikiwa kutoka hukutana na giza, na miluzi, na ushauri wa bure kuhusu nguo zake. Vikundi vya wanawake, hasa vile vya Unguja vya akina mama wenye mitandio na raba, vimejibu sehemu ya tatizo. Sehemu iliyobaki iko jikoni, na haitatuliwi na ratiba yoyote ya wiki tisa kama mume hajui uji unapikwaje. Nilijifunza kuupika. Jumanne na Ijumaa natoka mimi, Jumatatu na Alhamisi anatoka yeye, na uji wangu una madonge.

Kuhusu kilo, niseme jambo lisilopendwa. Watu wengi huanza mazoezi ili kitambi kiondoke, na kitambi huondoka kwa uchungu mno. Mtu wa kilo 80 akitembea kilomita nne ametumia nguvu zinazokaribia za chapati moja iliyoshiba mafuta. Soda moja ya chupa, yenye gramu 30 na zaidi za sukari, hula kilomita mbili. Halafu mwili wenyewe hufidia. Herman Pontzer na wenzake walipowapima Wahadzabe, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, walikuta kwamba kwa siku nzima hawatumii nguvu nyingi kuliko watu wa Marekani na Ulaya, ukishazingatia ukubwa wa miili. Kilomita 11 kwa mguu, na hesabu ya jioni inafanana na ya karani. Mwili hubana matumizi mahali pengine. Anayeanza akipima mafanikio kwa mizani atakata tamaa mwezi wa pili, wakati presha imeshuka, usingizi umetulia, na ngazi za ghorofa ya tatu hazimtoi tena jasho. Kitambi ni kesi ya sahani. Apime ngazi.

Na misuli asiisahau, ingawa hapa sitakaa sana kwa kuwa vifaa tunavyo nyumbani. Simama kutoka kwenye kiti bila kushika chochote, mara nane, pumzika, rudia. Pushapu za ukutani kabla ya zile za sakafuni. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20, na hakuna jimu itakayokuuzia chuma kilicho bora kuliko ndoo hiyo ukiibeba mkono huu kisha ule kutoka bombani hadi uani. Kuchuchumaa, ambako bibi yangu alikufanya bila kukuita zoezi, ndiko kunakoondoka kwanza kwenye nyonga za mtu wa kiti.

Linalobaki ni kuendelea. Watu wanasema siku 21 zinatosha kujenga mazoea. Hesabu hiyo ilitoka kwenye kitabu cha daktari wa upasuaji wa sura, Maxwell Maltz, cha mwaka 1960, aliyekuwa akizungumzia muda wa mgonjwa kuzoea sura yake mpya. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walipofuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea, matokeo yakachapishwa 2010, wastani ulikuwa siku 66, wa haraka akichukua 18, na wa mwisho akikadiriwa 254. Mazoea ya mazoezi yalichelewa kuliko yale ya kunywa maji. Lakini kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

Hilo la mwisho lina uzito mkubwa kwetu kuliko kwa mtu wa London, kwa sababu maisha yetu ni ya kuruka siku. Masika inakuja, barabara inakuwa mto. Msiba wa Tanga siku nne. Malaria wiki nzima, na baada yake mwili unaanza mbali. Ramadhani inaingia, na anayefunga anapaswa kuhamishia matembezi yake dakika chache kabla ya futari au baada ya tarawehe. Mwongozo ulioandikwa kwa mtu asiyefiwa wala kunyeshewa humfanya anayeanza ajione ameshindwa kila baada ya miezi miwili. Nimeona afadhali kuhesabu kurudi. Mwaka jana nilikatika mara tano na nikarudi mara tano, kila mara nikianza tena na nguzo moja kwa mbili, kwa wiki nzima, hata pale miguu ilipodai zaidi.

Mzee wa genge aliniuliza wiki ya kwanza nani ananikimbiza. Sikumjibu, pumzi ilitosha shikamoo tu. Mwezi wa tatu aliniuliza tena, nami nikasimama nikamweleza: presha, mguu wa bonanza, daktari, nguzo. Alinisikiliza ameegemea ufagio. Kisha akatazama miguu yangu akaniuliza raba zile Karume zinauzwaje, na kama wana saizi nane.